Hana kaburi, lakini huenda ameandikwa

Familia nyingi Mombasa huamini kwamba babu aliyekwenda vitani asirudi, na kaburi hana, basi hakuandikwa popote. Si kweli kwa Vita vya Pili vya Dunia, ingawa kwa vile vya Kwanza mambo ni tofauti.

Chukua meli ya Khedive Ismail. Iling'oa nanga Kilindini Februari 1944 kuelekea Colombo, imesheheni wanajeshi, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu, na watu karibu 1,300 wakafa. Hawakuzikwa, lakini majina ya wapiga mizinga wetu yapo kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita, Barabara ya Ngong, Nairobi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeyaweka pia mtandaoni, bure. Tafuta kwa tahajia zaidi ya moja. Makarani waliandika walivyosikia.

Dhuluma iko kwenye vita vya kwanza. Wapagazi waliobeba risasi na chakula hadi Tanganyika waliuawa zaidi na maradhi, kuhara damu na malaria hasa, kuliko na adui. Mnara wa Barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, unawataja kwa jumla, bila jina hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe iliomba radhi kwa ubaguzi huo. Kama wako alikuwa mpagazi, waulize wazee leo jina lake, la babake na kijiji chake, uyaandike, na atajwe kwa jina kwenye hitima.