Mtoto ana selimundu: shangazi zake waambiwe nini?

Majibu ya kipimo cha damu ya mtoto yakisoma SS (S ni kinasaba cha selimundu, A ni cha kawaida), maana yake kwa kawaida ni kwamba baba na mama kila mmoja amempa mtoto kinasaba kimoja cha selimundu, ile inayoitwa mitaani sikoseli. Baba naye alikitoa kwa babu au bibi. Kwa hiyo kila ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja ana walau uwezekano wa nusu kwa nusu wa kukibeba, mzima wa afya na asiye na habari. Upande wa mama ni vivyo hivyo. Binamu wa mgonjwa hubaki na robo, na pwani, ambako mtoto wa ami kuoa mtoto wa ami si ajabu, robo hiyo si ndogo.

Ndiyo maana mtoa ushauri nasaha huwaomba wazazi wawaambie jamaa. Huwaomba tu. Hapaswi kumpigia shangazi simu kwa siri, kwani majibu ni ya mgonjwa.

Kwanza hakikisheni mnachokisema. Kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe nyekundu za damu zinapinda hakimtenganishi anayebeba (AS) na anayeumwa (SS). Elektroforesisi ya himoglobini, yaani kipimo cha maabara kinachopambanua aina za himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), ndiyo inayowatenganisha. Aliyeongezewa damu asubiri kama miezi 3 hadi 4, la sivyo mtasoma damu ya mchangiaji.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi: “Kwenye ukoo wetu kumeonekana kinasaba cha selimundu. Mwenye nacho kimoja kwa kawaida haumwi, ila akizaa na anayekibeba pia, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Ukipenda, kapime kwa elektroforesisi.” Jina la mtoto halimo, kwa sababu jamaa hahitaji kujua nani anaumwa ili akapime. Mwambieni kila mtu peke yake, mkianza na walio karibu kuoa, kuolewa au kuzaa. Kundi la WhatsApp la ukoo liacheni. Likishaingia humo, kesho linamfikia mchumba wa mtu kabla ya mwenyewe. Na hilo neno “ukipenda” msilifute, maana yupo asiyetaka kujua, na ana haki hiyo.

Jamaa wakishaambiwa ndipo hutokea maneno ya “ugonjwa wa kwao mama”. Si kweli hata kidogo: S ya mama peke yake haileti SS.

Pagumu zaidi ni pale baba anapopimwa akasoma AA, yaani haonekani kuwa na S. Watu hukimbilia jibu moja, kwamba si baba mzazi. Lakini huenda sampuli zilibadilishana, au baba aliongezewa damu karibuni, au anabeba thalasemia ya beta, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini, ambayo huonekana pale himoglobini A2 (aina iliyo kidogo tu katika damu) inapopimwa kwa kiwango. Mtoto mwenye S moja na thalasemia hiyo anaweza kusomeka kama SS. Rudieni sampuli kwanza. Huenda pia baba mzazi ni mwingine, na hili lazima lisemwe kwa kila mzazi faraghani kabla sindano haijaingia, ili aamue kama bado anataka kupimwa. Baada ya hapo kila mmoja apewe karatasi yake mkononi, mlango ukiwa umefungwa. Isiachwe dirishani pa maabara ichukuliwe na yeyote aliyesindikiza.