333333331 sio namba tasa jamani

Huku Mwanza kila msimu wa mitihani hii kitu inarudi, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi utasikia watoto wa tuisheni wanakaririshana kwamba namba ikigoma kugawanyika kwa 2, 3, 5 na 7 basi ni tasa, imeisha hiyo. Na wazazi nao wanaitikia maana ndivyo walivyofundishwa.

Kwa namba za chini ya 121, ukiacha 1, iko sawa kabisa, na ndo maana imedumu, kwani mazoezi mengi yanaishia 100. Ila 121 yenyewe ni 11 mara 11, hapo kanuni imeshakufa.

Sasa cheki huu mpangilio, mimi naupenda sana: 31, 331, 3331, 33331, 333331, 3333331, 33333331. Zote saba tasa! Mtu yeyote angeapa na inayofuata ni tasa, tena ukiipima 333333331 kwa 2, 3, 5, 7, hata 11 na 13, inagoma. Weka 17 sasa: 17 × 19607843, inatoka kamili bila baki. Na 17 inarudi tena kila ukiongeza tarakimu 16 za 3 mbele.

Kipimo cha kweli ni kujaribu namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo cha pili cha hiyo namba, kwa hii ni kama 18257, zikigoma zote ndo unasema tasa. Kwa mtoto wa darasa la sita mwenye 143 ni kufika 11 tu, na 143 ni 11 × 13.