Kisu cha chuma hakichukui nafasi ya uzi

Mvua zinapokatika Dodoma na nyasi zimefika kiunoni, utasikia mafundi wengi wakisema kwamba mashine ya kufyekea ikifungwa kisu cha chuma inamaliza kila kazi, na kwamba uzi wa nailoni ni wa bustani za maua tu. Dhana hiyo si sahihi, na inaumiza watu.

Kisu kimekusudiwa vichaka vya miiba na nyasi zenye mashina magumu. Kando ya ukuta, nguzo za uzio au mawe, ambayo viwanja vyetu vingi vimejaa, uzi ndio salama zaidi, kwa sababu ukigonga jiwe huchakaa au kukatika, ilhali kisu hupata ufa au huirusha mashine yote pembeni kwa ghafla.

Mruko huo una chanzo kinachoeleweka. Kwa mashine nyingi, ambazo kisu chake kikitazamwa kutoka juu huzunguka kinyume na akrabu za saa, sehemu ya hatari ni ile ya mbele kulia, kati ya namba 12 na namba 3 za uso wa saa. Shina gumu likatwe kwa upande wa kushoto, ukipeleka mashine kutoka kulia kwenda kushoto.

Wapo pia wanaofunga waya badala ya uzi. Nawasihi waache kabisa: kipande kikikatika huruka kama risasi. Hata kwa uzi, vaa miwani na buti, na watu wengine wakae umbali wa mita 15.