Chuo cha sanaa: unalipia nini hasa?

Vijana wanaochora kwenye tableti huniuliza kila mara: niende chuo cha sanaa au nijifunze mwenyewe? Sijibu mpaka nione kazi zao, maana jibu huwa limo humo humo kwenye michoro.

Nikikagua kazi za mtu aliyejifunza peke yake, najua pa kuanzia. Wahusika wake wote wanatazama upande mmoja. Mikono imefichwa mfukoni au nyuma ya mgongo. Kivuli kimepakwa kwa brashi laini pande zote mbili za pua, kana kwamba mwanga hautoki popote. Rangi zinavutia na mtandaoni kasifiwa sana, ila nikiugeuza mchoro uwe mweusi na mweupe, uso, nywele na ukuta wa nyuma vyote ni kijivu kilekile. Mchoraji hayaoni hayo, na wala si mzembe. Jicho lake limezoea makosa yake. Anahitaji mtu wa kumwambia, "Hebu acha rangi kwanza. Mwanga unatoka wapi?" Kisha amwambie tena wiki ijayo, na inayofuata, mpaka awe anajiuliza mwenyewe kabla hajashika kalamu.

Chuo kizuri kinauza huo usahihishaji, pamoja na muda wa kuchora watu walio hai mbele yako. Programu hazipaswi kuwa sababu ya kulipa ada. Krita, ya kuchora, na Blender, ya uhuishaji wa 3D, ni za bure, na filamu ya Flow ya Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar ya filamu bora ya uhuishaji mwaka 2025. Kozi inayojinadi kwa orodha ya programu mimi huikwepa.

Cheti nacho? Studio hutazama kazi kwanza. Ila ukitaka kuajiriwa ugenini mambo hubadilika: viza ya H-1B ya Marekani, kwa mfano, hudai shahada ya kwanza au sifa zinazolingana nayo. Kama ndoto yako iko huko, lipime hilo mapema.

Ninachokiogopa zaidi ni deni. Vyuo vya mwisho vya The Art Institutes, mtandao wa vyuo vya sanaa vya Marekani, vilifungwa Septemba 2023, na mwaka uliofuata serikali ikatangaza kufuta mikopo ya zaidi ya dola bilioni 6 ya waliosoma huko, baada ya kubaini kuwa walidanganywa kuhusu ajira na mishahara. Hao walikuwa watu wenye kiu ya kuchora kama wewe. Mkopo utakaokulazimisha kuacha kuchora ili uulipe, usiuguse hata kama chuo kina jina.

Kwa hiyo kabla hujalipa, jaribu kwanza kupata usahihishaji nje ya chuo. Mlipe mchoraji unayemheshimu akupitie kazi mara moja kwa mwezi, au jiunge na kundi linalokosoana bila kuoneana haya. Ukiona unasonga mbele, endelea hivyo hivyo. Ukiona huchori mpaka usukumwe, au hukupata wa kukukosoa kwa dhati, chuo kinaweza kukufaa sana. Hapo omba uonyeshwe kazi za mwanafunzi wa kawaida, za mwaka wa kwanza na za mwaka wa mwisho, na uulize nani alimsahihisha na mara ngapi. Wakikuletea za yule bora wao tu, tafuta chuo kingine.