Amemgusa? Ndiyo, Nimeona

Nikilisikia mara moja zaidi msimu huu nadhani nitamkabidhi mtu kipenga changu nikakae kivulini: "Netiboli ni mchezo wa kutogusana." Husemwa na mzazi aliyesimama karibu mno na mstari, kwa sauti ya mtu anayesoma katiba, na kiambatisho chake ni kile kile: "Sasa refa anaacha watoto waumizane kwa nini?" Safari hii limekuja kwa barua. Wazazi kadhaa wametia sahihi kwamba chama chetu hakijali usalama wa watoto, maana waamuzi wake "wanaruhusu kuguswa". Haya, tuongee.

Kitabu cha sheria cha World Netball, chombo kinachoongoza netiboli duniani, hakisemi kwamba wachezaji wasigusane. Kinasema mchezaji asimguse mpinzani, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, kwa namna inayouingilia uchezaji wa huyo mpinzani, wala asisababishe mguso wa namna hiyo. Wachezaji 14 wanaugombea mpira mmoja kwenye uwanja wa mita 30.5 kwa 15.25, na kila shambulizi linaishia kwenye nusu duara la mita 4.9 ambamo washambuliaji wawili na mabeki wawili wanabanana. Wasigusane vipi? Wapae?

Chukua pasi moja ya kawaida. Mpira unaelea kuelekea ukingo wa duara. GA (mshambuliaji wa goli) anaukimbilia, GD (beki wa goli wa upande wa pili) yuko ubavuni mwake, wote macho juu, mikono juu. Mabega yanakutana. Kiwiko cha GD kinapita kwenye mbavu za GA. GA anadaka kwa mikono miwili, anatua na mguu wa kulia, anageuka kuitazama ringi. Hapo mwamuzi hapigi chochote, na hakulala. Alichokiona ni watoto wawili wenye haki sawa ya kuufuata mpira, na hakuna aliyenyimwa kitu. Sasa rudisha pasi ile ile, ila GD aweke kiganja kiunoni mwa GA sekunde ile anaporuka. Ukiwa pembeni unaweza hata usikione hicho kiganja. Lakini mruko wa GA umepinda kidogo, vidole vyake vimeukosa mpira kwa upana wa kidole. Hiyo ni penalti, na GD anakwenda kusimama nje ya mchezo mpaka mpira upigwe. Mguso uliokuwa na kishindo umeachwa, mguso usio na sauti umeadhibiwa, na pembeni pote panalipuka kwa mshangao. Kila wikendi.

Halafu kuna ndugu wa imani hii ya kutogusana, na mara nyingi vyote viwili hutoka kinywa kimoja. Mtoto wa yule mzazi akipigiwa kipenga, wimbo unabadilika: "Hakukusudia!" Najua hakukusudia. Ana miaka 11, ameteleza. Sheria haiulizi moyo wake ulikuwa wapi, inauliza tu kama mwenzake alizuiwa kucheza. Kama ni makusudi, au ni kitu cha hatari, tunahama kwenye penalti ya kawaida na kuingia kwenye onyo, kutolewa nje kwa dakika 2, au kufukuzwa kabisa. Sitegemei kumfukuza mtoto wa darasa la tano, lakini dakika 2 nimewahi kuzitoa na nitazitoa tena.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli, kwa sababu wakati watu wanahesabu mabega, jambo linalovunja watoto linapita mbele ya macho yao na wanalipigia makofi. Jambo lenyewe ni nafasi ya kutua.

Mchezaji akishaondoka ardhini, pale atakaposhukia ni pake. Mpinzani hana ruhusa ya kuingia hapo wakati mwenzake yuko hewani. Akiingia, hata akisimama wima kama mlingoti, mikono kifuani, hana hili wala lile, na yule wa juu akamwangukia, aliyesababisha mguso ni huyu aliyesimama. Waelezee hilo watu walio pembeni. Wao wameona mtoto aliyetulia, akaparamiwa na mwenzake kutoka hewani. "Amemrukia mwenzake!" Wanadai penalti upande usiofaa, na wakati mwingine mwamuzi mchanga anawapa.

Sasa fikiria huyo aliye hewani. Netiboli inamlazimisha kusimama ghafla, sheria ya mguu ndivyo ilivyo: akidaka akatua na mguu mmoja, mguu huo akiunyanyua hawezi kuurudisha chini kabla ya kuachia mpira, na mpira wenyewe ana sekunde 3 tu za kukaa nao. Hawezi kukimbia hatua nne ili kumaliza mwendo wake. Mwendo wote unamezwa na kifundo cha mguu na goti. Ndiyo maana majeraha yetu makubwa ni vifundo vilivyoteguka na magoti yaliyochanika kano, hasa ile kano ya msalaba ya mbele ambayo mara nyingi huchanika bila mtu kuguswa na yeyote. Ongeza sasa mguu wa mtu pale alipotarajia sakafu. Akijipindua hewani ili asimkanyage, anatua goti limenyooka na limeangukia ndani, na hapo kano inaondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza usalama wa mtoto uwanjani uko wapi, nitakwambia uko kwenye dakika za kupasha moto, kocha anapowafundisha kutua: makalio yarudi nyuma, magoti yakunjike, goti lielekee vidole, kifua juu. Netball Australia wana programu nzima ya mazoezi kwa ajili hiyo, wameiita KNEE, na ni ya bure kwa yeyote mwenye simu. Makocha wangu nusu wanairuka kwa sababu "muda hautoshi" na watoto wanataka kufunga magoli. Sijapokea barua ya mzazi hata mmoja kulalamika kuhusu hilo.

Mengine nitayapitia haraka, maana hayana mjadala. Kucha fupi, zikaguliwe kabla ya mechi, za bandia zisiingie uwanjani. Nywele zifungwe. Hereni na mikufu vivuliwe. Plasta juu ya hereni si kuvua. Bangili ya taarifa za kitabibu inabaki, ifunikwe kwa plasta. Damu ikitoka, mchezaji anatoka. Nguzo ziwe na kinga. Uwanja ulioloa na unaoteleza hauchezewi, hata kama mmesafiri mbali.

Umbali nao una kelele zake. "Mita! Mita!" Umbali ambao beki anamwachia mwenye mpira ni mita 0.9, na unapimwa kutoka mguu aliotua nao mwenye mpira hadi mguu wa beki ulio karibu zaidi. Mikono haipimwi. Beki aliyesimama umbali wake anaruhusiwa kuinama mbele, kunyoosha mikono, hata kuruka. Akionekana kama anamwegemea mfungaji usoni, tazama miguu kwanza. Mitindo ya watoto wadogo hulegeza mambo haya kwa makusudi: NetSetGO ya Australia inampa mwenye mpira mita 1.2, na High 5 ya Uingereza ilimpa sekunde 4 badala ya 3. Ni busara tupu, na siku zote namshauri kocha wa watoto wa miaka minane asione aibu kuchezesha hivyo.

Kichwa. Mtoto akigonga kichwa, akaonekana ameduwaa, akauliza matokeo mara mbili, akasema taa zinamuumiza macho, anatoka na siku hiyo harudi. Harudi hata akisema yuko sawa, hata kama ni GS (mfungaji) wenu wa pekee na ni robo ya nne. Anaonwa na mtaalamu wa afya, na anarudi uwanjani hatua kwa hatua. Kwenye hili wale watetezi wa usalama hukaa kimya kama maji mtungini, isipokuwa yule anayeniuliza kama mtoto anaweza "kumalizia tu dakika tano zilizobaki".

Nikiri sasa kitu ambacho kitabu hakinisaidii. Kuingiliwa kunapimwa kwa mtoto yupi? Wachukue watoto wawili wa miaka kumi. Mmoja akiguswa bega anaachia mpira palepale na kurudi nyuma; mwingine akiguswa bega anapita tu. Mguso ni ule ule. Je, wa kwanza kaingiliwa na wa pili hakuingiliwa? Kwa herufi za sheria, pengine ndiyo. Lakini nikimpigia kipenga kila mwoga, namfundisha kwamba kuachia kunalipa. Nisipompigia, wiki ya tatu haji. Mimi kwa wadogo napuliza mara nyingi zaidi, kwa wakubwa naachia zaidi. Mwenzangu mmoja ambaye namheshimu kuliko ninavyojiheshimu anasema ninafundisha michezo miwili tofauti. Huenda ana haki.

Faida nayo inanisumbua. Mtoto akifanyiwa kosa lakini timu yake bado ina nafasi nzuri, mwamuzi anaacha mchezo uendelee. Kwa wakubwa inapendeza. Kwa watoto inaonekana kama hatujaona, na yule aliyesukumwa anajifunza kwamba hakuna anayemtetea. Nawaambia waamuzi wangu wachanga watamke kwa sauti kwamba wameona na wanatoa faida. Inasaidia kiasi. Mtoto wa miaka tisa anachosikia ni kwamba refa amesema kitu na kipenga hakikulia.

Nimesema waamuzi wachanga, na hili ndilo barua ile imelisahau kabisa. Yule mnayempigia kelele kuhusu usalama wa watoto mara nyingi ana miaka 14. Amevaa nyeupe, ana kipenga, amepita mafunzo yetu, na bado ni mtoto. Sera ya ulinzi wa mtoto inamhusu yeye kama inavyomhusu aliyevaa bibu ya C, mchezaji wa kati. Mtu mzima anayemfuata mtoto huyo hadi kwenye mstari wa katikati na kumwambia "huoni wewe, toka" amevunja kanuni za maadili alizotia sahihi siku ya usajili (alitia bila kusoma, najua, wote mnatia bila kusoma). Wahenga wamesema mwenye kelele hana neno. Hawakuwahi kusimama pembeni mwa mechi ya chini ya miaka 12.

Utaratibu wetu ni huu. Mwamuzi mtoto hajibizani na mtu mzima. Anasimamisha muda, anamwita msimamizi wa zamu, naye anamfuata meneja wa timu husika, na meneja ndiye anayekwenda kuzungumza na mtu wake. Asipotulia, anaondoka eneo la uwanja. Asipoondoka, mechi inaishia hapo. Watu huona hatua hiyo ya mwisho ni ukatili kwa watoto waliokuja kucheza, na kwa kweli sijui kama si ukatili. Najua tu kwamba bila hiyo, hizo hatua nyingine ni maneno. Najiuliza pia kama tunapaswa kumpa mtoto wa miaka 14 kipenga hata kidogo. Tunampa kwa sababu watu wazima hawajitokezi, halafu wale wale wasiojitokeza wanakuja kumkosoa. Kwa sasa kila mwamuzi wa umri huo anafanya kazi na mlezi aliyekomaa kando yake, mwenye fulana ya rangi inayoonekana. Kelele hupungua mtu mzima akiwa jirani. Hilo peke yake linatuambia kitu kuhusu ujasiri wa wanaopiga kelele.

Na kama mnataka kuzungumzia kuguswa, tuzungumze kuhusu kocha anayeshika kifundo cha mkono cha mtoto kurekebisha upigaji wake bila kuuliza. Anapaswa kumwambia anachotaka kufanya, kumwomba ruhusa, na kufanya hivyo mbele za watu. Tuzungumze kuhusu nani anamrudisha GK (mlinda goli) nyumbani kwa gari, wakiwa wawili tu. Kuhusu ujumbe wa simu saa nne usiku kwenda kwa mtoto mwenyewe badala ya kundi lenye wazazi. Kuhusu picha za chumba cha kubadilishia nguo. Nikiyagusa haya kwenye mikutano naambiwa, "Lakini huyu ni mama mwenzetu, na netiboli ni ya wasichana." Jinsia ya kocha si sera. Kocha mzuri hukubali kanuni hizi bila kununa, kwa kuwa zinamlinda yeye pia. Chama chochote kina haja ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, asiye kocha wa timu yoyote, ambaye mtoto au mzazi anaweza kumwendea, na jina lake libandikwe mahali ambapo watoto wanapita, siyo kwenye faili la katibu.

Mwenye hoja kuhusu uamuzi ana njia. Nahodha anaruhusiwa kuuliza ufafanuzi wa sheria wakati wa mapumziko au mechi ikiisha, na tunapenda watoto waulize, wanauliza vizuri kuliko nyinyi. Mzazi apitie kwa meneja wa timu, mechi ikiisha, mwamuzi akiwa ameshakunywa maji. Nitakuja mwenyewe nijibu. Mara nyingi jibu litakuwa moja kati ya mawili: hakuingiliwa, au alinyimwa pa kutua.