Mnamshushia mzee siti, halafu mnailaumu baiskeli

Huyu wa juzi alikuwa wa tatu mwezi huu. Miaka 71, mstaafu, anatoka Makorora hapa Tanga, goti la kulia linauma mbele, kwenye pia ya goti na chini yake kidogo, hasa akipanda ngazi. Aliyezungumza ni mwanawe. "Dokta, tumemkataza baiskeli. Umri umekwenda, baiskeli inamla magoti." (Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, ila nilishaacha kusahihisha.) Mzee mwenyewe kimya, kofia mapajani, anaangalia sakafu kama mtoto aliyeshtakiwa kwa mwalimu.

Nikauliza baiskeli iko wapi. Ipo nje, imeegemezwa kwenye mwarobaini. Nikatoka nao, na nilichokiona ndicho nilichokiona kwa wale wawili waliomtangulia: siti imezamishwa mpaka ikagota kwenye fremu.

"Nani kaishusha?"

"Mimi," akasema kijana, tena kwa fahari. "Ili miguu yake ifike chini, asianguke."

Basi naandika mara moja, ili wa nne akija nimpe hiki asome akiwa kwenye foleni.

Tanga ni mji tambarare. Mitaa ya Ngamiani imenyooka kama rula, na watu wa umri wa huyu mzee wameendesha tangu wakiwa hawafikii siti, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba la juu. Kumwambia mtu wa namna hiyo aache baiskeli ni kumwambia akae barazani asubiri. Kwa hiyo kabla hujamwambia, uwe na hakika kwamba kinachomla goti ni baiskeli, siyo spana yako.

Jaribu hivi. Kalia mbuzi ya kukunia nazi, kisha inuka bila kushika kitu. Halafu kaa kwenye kiti cha mezani, inuka tena. Uzito wako ni uleule, goti lako ni lilelile, ila kule kwenye mbuzi umeguna. Misuli ya mbele ya paja inapovuta, inaikandamiza pia ya goti kwenye mfupa wa paja, na kadiri unavyosukuma goti likiwa limekunjika zaidi ndivyo mkandamizo unavyokuwa mkubwa. Siti ikiwa chini, kila pedali inapofika juu goti linapanda kuelekea kifuani, na hapo ndipo mzee anapotakiwa kusukuma. Umemkalisha baba yako kwenye mbuzi ya nazi, ukamwambia ainuke mara 60 kwa dakika mpaka sokoni. Kisha unashangaa goti.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji mashine. Mzee apande baiskeli ikiwa imeshikwa au imeegemea ukuta, amevaa viatu anavyoendea kila siku, kama ni kubazi basi kubazi. Aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke, bila nyonga kulala upande. Hapo siti iko sawa. Akianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi, na ndiyo tunayoitaka. Maumivu ya mbele ya goti, shuku siti iko chini. Maumivu ya nyuma ya goti, au makalio yanayocheza kushoto kulia akiwa anaendesha, imepanda mno.

Ila usiipandishe yote siku moja. Mtu aliyeendesha miaka mitano siti ikiwa chini, misuli yake imezoea makosa. Sentimita moja, siku tatu nne, sentimita nyingine. Na bomba la siti lisipande mpaka likabaki kidogo tu ndani ya fremu. Kama lina alama, usiivuke. Kama halina, mimi huacha sentimita saba ndani.

Sasa lile linalonipandisha presha: "Lakini dokta, miguu haitafika chini!"

Haitakiwi ifike. Ncha za vidole zikigusa, inatosha. Nani kakwambia baiskeli inasimamishwa ukiwa umekaa? Pikipiki ndiyo unakaa huku miguu iko lami, kwa sababu siti ya pikipiki haihusiani na kukanyaga. Kwenye baiskeli unafunga breki, unasimama juu ya pedali iliyo chini, unateleza mbele utoke kwenye siti, mguu wa pili unashuka ardhini. Wazee wetu wamefanya hivyo miaka 50 kwenye Phoenix ya inchi 28, nyuma kuna gunia, mbele kuna mtoto. Baba yako anajua. Wewe uliyekulia kwenye bodaboda ndiye hujui, na umemrekebishia baiskeli kwa kipimo cha bodaboda.

Wazee ninaowapokea wameanguka, nakubali. Nikiwahoji vizuri, wengi wameanguka wakati wa kupanda au kushuka, si wakiwa mwendoni. Mguu unarushwa nyuma kupitia juu ya keria, nyonga siku hizi haifunguki kama zamani, kisigino kinagonga mzigo, na baiskeli ya chuma ya kilo karibu 20 inamlalia. Kushusha siti hakuondoi tatizo hilo hata kidogo, kwa sababu bomba la juu na keria viko palepale.

Dawa yake ni baiskeli ya kike. Naam. Ile isiyo na bomba la juu, tairi za inchi 26, unapitisha mguu katikati kama unavuka mfereji. Nikiitaja, wanaume huniangalia kana kwamba nimewatukana. "Mimi niendeshe baiskeli ya mke wangu?" Huwajibu hivi: wewe unakwenda Ijumaa na kanzu, bomba la juu linakupandishia kanzu mpaka gotini mbele za watu, baiskeli ya kike inakusitiri. Mmoja tu ndiye aliyewahi kukubali papo hapo, na nadhani alikubali ili nimwachie aende. Kina mama wa umri huohuo hawana shida hii. Wao nawasumbua kuhusu baibui na khanga zinazoingia kwenye mnyororo, wafunge kava, basi.

Hapa nikiri jambo. Kijana yule hakukosea moja kwa moja. Kabla ya kugusa siti ya mtu yeyote aliyevuka 65, humwambia asimame kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na ukuta, nihesabu mpaka kumi. Asiyefika tano, siti yake naiacha chini ya kipimo kwa sentimita mbili au tatu, ingawa nimetoka kuwahubiria kinyume chake. Goti litanung'unika, najua, lakini goti linalonung'unika ni afadhali kuliko nyonga iliyovunjika. Mstari wa kumruhusu mtu au kumzuia uwe wapi, kila mara nakadiria kwa macho, na mara mbili nimekadiria vibaya. Kuna mama niliyemruhusu aendelee akaanguka wiki ileile, akavunjika kiwiko. Tangu hapo, kama mtu hajaendesha kwa miaka kumi, simrudishi barabarani kabla sijamwona akizunguka uwanjani na kusimama mahali nilipochora mstari. Mzee wa Makorora alisimama sekunde kumi mguu wa kulia, kumi na zaidi wa kushoto. Kuanguka, aliniambia, mara ya mwisho ilikuwa enzi za Mwinyi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kuhusu wale wanaosema kwa baiskeli "magoti yanasagika": mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 2,600, wastani wa umri miaka 64, wakiwauliza kama waliwahi kuendesha baiskeli katika vipindi mbalimbali vya maisha. Waliowahi walikuwa na uwezekano mdogo kwa 17% wa kuumwa magoti, na mdogo kwa 21% wa kuwa na goti lililosagika lenye dalili. Nikiwatajia wazee takwimu hizo wanafurahi sana. Mimi nafurahi nusu. Mwenye goti bovu huacha baiskeli mapema, kwa hiyo wanaobaki wakiendesha ni wale ambao magoti yao yalikuwa mazuri tangu mwanzo. Uchunguzi wa kuuliza watu waliyoyafanya zamani hauwezi kutenganisha hilo na faida ya baiskeli yenyewe. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba ukiwa umekaa kwenye siti uzito mwingi wa mwili haupiti gotini, na kwamba wagonjwa wangu wenye magoti yaliyosagika huvumilia nusu saa ya baiskeli kabla ya kuvumilia nusu saa ya kutembea.

Mwingine atakuletea habari za Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa 1911, ambaye mwaka 2017 akiwa na miaka 105 aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja. Ni kweli. Kizuri zaidi ni kwamba kati ya miaka 101 na 103 alifanya mazoezi chini ya uangalizi wa wanafiziolojia, na uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ukapanda kwa 13%. Lakini Marchand alikuwa Marchand. Usimwonyeshe baba yako video yake saa mbili usiku, kesho yake alfajiri ukamkuta njia ya Pangani.

Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Mwenye kwenda sokoni na kurudi kwa baiskeli kila siku huenda ameshafika. Wastani maana yake unaweza kuzungumza ila huwezi kuimba. Kuhesabu mapigo ya moyo hakuna maana kwa anayetumia atenolol, dawa inayazuia yasipande. Anayemeza vidonge vya sukari kama glibenclamide, au anayejichoma insulini, awe na tende au pipi mfukoni na asiendeshe kabla ya kula. Wa vidonge vya presha asishuke kwenye baiskeli na kuanza kutembea papo hapo. Ashike usukani, avute pumzi kwanza. Goti lililovimba, la moto, au linalokwama halipandishiwi siti, linapelekwa hospitali. Na jambo ambalo wapenda baiskeli hawapendi kulisema: baiskeli haijengi mifupa. Kwa sababu ileile inayolihurumia goti, mifupa haibebi uzito. Mzee atembee pia, na ainuke kitini mara kumi asubuhi na jioni bila kujisukuma kwa mikono.

Gia. Baiskeli zetu nyingi ni za mwendo mmoja, na fundi huwafungia wazee gia ileile anayomfungia kijana wa kubeba mkaa. Kama ya nyuma ina meno 18, mwambie akufungie 20 au 22. Mwendo utapungua, miguu itazunguka kwa wepesi, goti litakushukuru kabla ya wiki kwisha. Gharama yake ni ndogo kuliko dawa za maumivu mnazonunua.

Barabarani, tatizo kubwa la mzee ni shingo. Haigeuki. Anataka kukata kulia, anatupa jicho, jicho linaishia begani, anakata hivyohivyo kwa kumtegemea Mungu na huruma ya daladala. Kioo cha pembeni, upande wa kulia, kila mzee. Na wale wanaoendesha kinyume cha magari "ili nilione linalokuja": utaliona, sawa, ila mwendo wako na wa gari vinajumlishwa, na dereva anayetoka barabara ya mtaa anaangalia upande ambao wewe haupo. Kaa kushoto. Baada ya magharibi, mwenye mtoto wa jicho abaki nyumbani. Taa ya gari inayokuja inampofusha kabisa, na dainamo yake haimsaidii chochote.

Matunzo ya baiskeli nawaachia mafundi, isipokuwa kitu kimoja. Mwaka jana alikuja mzee analalamika goti linagonga, "ko", kila akikanyaga kulia. Nimelipima goti, nimelikunja, nimelinyoosha, nimesikiliza. Kimya. Nikamwambia anizungukie uwani na baiskeli yake. Ko. Pini ya kranki, ule mkono unaobeba pedali, ilikuwa imelegea. Alikuwa ameshapigwa picha ya eksirei.

Turudi chini ya mwarobaini. Nikaazima spana kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, nikaipandisha siti sentimita moja ya kwanza, nikamwonyesha kijana namna ya kupima ili amalizie nyumbani. Mzee akapanda, akazunguka uwanja, akafunga breki, akateleza mbele, akasimama mguu mmoja chini kama aliyezaliwa hivyo. Kwa mara ya kwanza akafungua kinywa. "Mwanangu, mimi niliwaambia siti iko chini. Wakasema baba umezeeka."

Baada ya wiki tatu kijana kanipigia. Baba kaenda na baiskeli mpaka Pongwe, huko nje ya mji. Goti je? Goti halijatajwa, sasa yanauma makalio, na yeye yuko dukani anataka kumnunulia siti nene ya sponji. Nimemwambia arudi nyumbani akamuulize baba yake kwanza.