Je, wajua bakteria asiye na usukani hufikaje penye chakula?

Escherichia coli, mkazi wa utumbo wetu, ana urefu wa takriban mikromita 2. Weka karibu naye tone la aspatati, mojawapo ya asidi amino, na baada ya muda wenzake watakuwa wamejazana hapo. Ajabu ni kwamba hawezi kukata kona kuelekea upande anaoutaka.

Anajua mawili tu: kunyoosha na kubiringika. Ana mikia kadhaa iliyojisokota kama springi, kila mmoja na mota yake shinani. Mota zikizunguka kinyume cha saa, mikia hujifunga fungu moja na kumsukuma mikromita 20 hadi 30 kwa sekunde. Mota ikigeuka na kuzunguka upande wa pili, fungu hufumuka. Hubiringika sehemu ya kumi ya sekunde, kisha hushika njia nyingine ya kubahatisha. Howard Berg na Douglas Brown waliyapima haya mwaka 1972 kwa hadubini iliyomfuata bakteria mmoja mmoja: safari moja ya kunyooka huchukua kama sekunde 1.

Siri yake ni kuchelewa kubiringika. Kwa kuwa mwili ni mfupi mno kupambanua ladha ya mbele na ya nyuma, hulinganisha sasa na punde: sekunde 1 iliyopita dhidi ya takriban 3 zilizoitangulia. Aspatati ikiongezeka, protini iitwayo CheY, ambayo ikibeba fosfati huzigeuza mota, hupungukiwa na fosfati hiyo, mota hazibadili upande, safari hurefuka. Akienda kusikofaa, safari hubaki karibu na urefu wa kawaida. Kumbukumbu ndefu zaidi isingemfaa, maana molekuli za maji humgongagonga hata ndani ya sekunde kama 10 mwelekeo wa awali umepotea.

Maabara hupima mvuto huu kwa mrija wa kioo wa mikrolita 1 wenye aspatati, uliotumbukizwa kwenye bakteria kwa dakika 60, nyuzi 30 za Selsiasi. Kisha walioingia hukuzwa, na koloni zao, yaani makundi yanayoota, huhesabiwa. Mrija wa pili usio na aspatati ni lazima, kwani baadhi ya bakteria huingia kwa kuzurura tu. Watafiti wengi huharibu jaribio mapema: kutikisa kwa nguvu hukata mikia, na glukosi kwenye chakula cha kukuzia huzuia isiote. Aspatati ikizidi ukali, vipokezi vya bakteria, yaani protini zinazoionja, hujaa wangali nje, nao bakteria hukusanyika mdomoni mwa mrija bila kuingia.